Zimwi la Theluji na Kicheko Nilichokikata

Tulipoachana, ewe msomaji wangu, nilikuwa nimeganda kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, na kule chini ukumbini zimwi jeupe lilikuwa linashuka jukwaani taratibu, linaingia baina ya viti vya watu.

Kwa aliyetukuta njiani, nimkumbushe machache.

Mimi nilikuwa mwendesha mashine wa sinema. Watu wote wakiniita Fundi, hata mke wangu. Sinema yetu ilikuwa inakata roho kwa kukosa watazamaji, ndipo mwenyewe, tuliyemzoea kwa jina la Tajiri, akaleta filamu kuukuu ya wasafiri waliopanda mlima wa barafu wakakutana na zimwi la theluji, nusu mtu nusu mnyama. Sisi theluji tuliijua kwenye kuta za friji tu. Zimwi lake hatukulijua kabisa.

Ili kuwavuta watu, Tajiri alimwagiza mshona magodoro atengeneze vazi la zimwi kwa pamba na katani, akamvika shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kwa urefu wake tulimwita Mlingoti. Mpango ulikuwa huu: mkanda wa tano ufikapo penye dhoruba, na pazia zima la kuonyeshea picha ligeuke jeupe, Mlingoti atoke kwenye stoo iliyo kushoto mwa pazia, angurume mara tatu, arudi ndani.

Stoo ile haina hata tundu. Aliye ndani haoni picha, anasikia tu. Kwa hiyo ishara yake ilikuwa kicheko. Mwanamke pekee wa filamu ile hukumbatiwa na mumewe hemani, akacheka kicheko kirefu, kisha upepo ukaanza kuvuma. Mlingoti akisikia kicheko avae kichwa cha zimwi, ahesabu hadi kumi, atoke.

Na dhambi yangu ndiyo hii. Siku mbili kabla ya onyesho nilichukua mkasi nikaikata sehemu ile ya kumbatio, nikaziunganisha ncha kwa gundi kama kawaida yangu. Tangu niingie katika kazi ile sikuacha kukata yale ambayo mtu hawezi kuyatazama akiwa amekaa na mkwewe. Habari ya ishara sikuwa nayo. Kicheko kikaondoka pamoja na kumbatio.

Tajiri aliponiuliza kama filamu ni nzima, nilimjibu, "Wallahi, ni nzima." Kiapo kilinitoka kama chafya. Sikukizuia, wala sikukirudia kukifuta.

Basi Mlingoti asingetoka. Nililijua hilo tangu adhuhuri ya Jumamosi ile ile ya onyesho, aliponieleza ishara yake tukiwa mezani kwangu.

Na zimwi likatoka.

Halikutokea kushoto. Lilitokea kulia, kwenye giza la pazia la pembeni, ambako hapana stoo wala chumba. Halikunguruma. Halikuinua mikono kama Mlingoti alivyofunzwa. Lilitembea limeinama, likigeuza kichwa huku na huku, mithili ya mtu aliyedondosha kitu chake na hataki kumwuliza yeyote.

Watu walipiga makofi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Zimwi, umepoteza tiketi?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Kisha likapita karibu na safu ya mbele, na waliokaa pale wakaacha kucheka. Safu ya pili ikaacha. Ya tatu ikaacha. Nikawa nakiona kicheko kinazimika safu baada ya safu, kama taa za mtaa umeme unapokatika.

Lilipanda njia ya katikati hadi mlango mkuu. Hapo alisimama bawabu wetu, mzee tuliyemwita Komeo. Nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wee, huku huruhusiwi kupita na—"

Hakumaliza. Kilichofuata kilikuwa kishindo cha mtu akianguka ngazini, daraja baada ya daraja, na ukumbi mzima ukasimama na kupiga mayowe.

Nilizima mashine nikawasha taa.

Mlango wa chumba changu ukagongwa.

"Nani?"

"Fungua, shemeji, nakufa kwa joto!"

Mlingoti alikuwa amesimama mbele yangu ndani ya vazi lake, jasho linamchuruzika, kichwa cha zimwi amekikumbatia kwapani kama mtu aliyetoka sokoni na tikiti maji.

"Mbona umezima mashine? Kicheko bado!"

Nilimvuta ndani.

"Nimesubiri mpaka masikio yameniuma," akaendelea. "Yule mwanamke leo kanuniwa na mumewe, au vipi? Nasikia watu wanapiga kelele, nikajua zimwi la kwenye picha limewatisha lenyewe bila msaada wangu. Nikasema nipitie uani nije nikuulize nitoke au nisitoke."

"Mlingoti," nilimwambia, "hujatoka?"

"Nitokeje bila kicheko?"

Nilimshika mkono nikapapasa vazi. Pamba yake ilikuwa safi, haina vumbi.

"Vua," nikamwambia. "Vua upesi, usionekane na hili vazi."

Lakini nilichelewa. Tajiri alikuwa ameshafika mlangoni, tai imemgeukia mgongoni, na nyuma yake watu kama kumi.

"Ndiye huyu!" alisema mmoja wao. "Mshikeni!"

"Nimefanya nini?" akauliza Mlingoti.

"Umemtupa mzee wa watu ngazini, halafu unauliza umefanya nini?"

"Nani? Komeo?" Mlingoti akanitazama mimi, si wao. "Shemeji, waambie. Kicheko hakikulia. Waambie!"

Msomaji wangu, hapo ndipo mahali ambapo mtu hupimwa. Ilitosha niseme neno moja. Nilimtazama Tajiri, nikakikumbuka kiapo changu, nikasikia kinywa changu kikisema:

"Tulieni kwanza, jamani. Tulieni."

Ndiyo yote niliyosema. Wakamchukua na vazi lake.

Inspekta aliyekuja alikuwa mtu mfupi, sauti yake ya chini mno, hata ilikubidi umsogelee ili umsikie, na ukishamsogelea umeshanaswa. Alimkuta Komeo amelala chini ya ngazi, anapumua kwa shida, macho ameyafumba. Katika kiganja chake cha kulia alikuwa amekamata kishungi cha manyoya meupe. Walimfungua vidole kimoja kimoja.

Inspekta akamwuliza Mlingoti, "Watu mia nne wamekuona ukitoka. Wewe unasema hukutoka. Nimwamini nani?"

"Afande, mimi nilikuwa nasubiri kicheko."

"Kicheko gani?"

Tajiri akadakia. "Kicheko kipo, Inspekta. Nimekisikia kwa masikio yangu Jumatano, tulipofanya majaribio. Kipo kwenye mkanda wa tano, nami nimethibitishiwa kwamba filamu ni nzima. Fundi huyu hapa kaapa. Siyo, Fundi?"

Inspekta akanigeukia. "Mzee?"

Nikainamisha kichwa. Aliyetaka kukiona kichwa kile kuwa kimekubali, alikiona kimekubali.

Mlingoti hakunitukana. Aliondoka amefungwa pingu juu ya mikono ya pamba, na watoto barabarani wakashindwa kujua wakimbie au wacheke.

Jumapili asubuhi nilimkuta mke wangu jikoni amesimama, birika linachemka mbele yake na yeye halioni. Huyu ndiye aliyemlea Mlingoti. Mama yao alifariki kijana akiwa anatambaa. Dada mtu alimbeba mgongoni akienda shule, na kwa ajili yake akaacha shule. Nilitarajia anirukie kooni. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Mke wangu," nilianza, "nitakwenda kituoni sasa hivi. Nitasema nimekata kicheko. Nitaonyesha mkanda, na ule ukanda mdogo niliokata ninao. Watamwachia."

Aliuzima moto taratibu.

"Usiende."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ati?"

"Usiende, Fundi. Nyamaza."

"Ninyamaze vipi na ndugu yako yuko ndani? Komeo akifa, unajua watamfanya nini?"

"Hatakufa."

"Nani kakwambia? Daktari?"

Alimimina chai katika kikombe kimoja, chake, akakiacha mezani bila kukigusa.

"Ukisema," aliniambia, "watakufukuza kazi. Watasema wewe ni mwongo wa viapo. Utaingiaje tena msikitini ukasimama safu ya kwanza?"

"Afadhali nisimame safu ya mwisho na ndugu yako yuko nyumbani."

"Mimi ndiye dada yake, nami nakwambia nyamaza. Wewe uchungu wako umeuokota wapi hata ukazidi wangu?"

Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kunijibu kwa ukali ule. Nilimtafuta usoni, nikamkosa. Palikuwa na uso wa mke wangu, mwenyewe hayumo.

Nami, ole wangu, nilinyamaza siku ile nzima. Nilijiambia namtii mke wangu. Ukweli ni kwamba alikuwa amenipa kile nilichokitamani.

Jumatatu asubuhi Tajiri alinikuta nikifagia ukumbi uliofungwa.

"Komeo hajambo?" nikamwuliza.

"Komeo?" Akavua miwani akaifuta. "Madaktari wanasema tuwaandae jamaa zake. Jana jioni alifumbua macho mara moja. Akauliza, 'Yule mama kapita?' Kisha akafumba."

"Mama yupi?"

"Nitajuaje? Anaweweseka mtu. Inspekta kaniambia mzee akifariki, shtaka la shemeji yako linabadilika jina." Akanipigapiga begani. "Pole, Fundi. Kijana mzuri alikuwa. Pamba zilimpanda kichwani."

Niliuegemeza ufagio ukutani, nikapanda chumba cha mashine kuchukua kikopo cha ule ukanda, nikatoka nilivyo, na vumbi langu, hadi kituoni. Sikupita nyumbani. Nilijua nikipita nyumbani sitafika.

Inspekta alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza mkasi, gundi, kumbatio, kicheko na kiapo. Nilipomaliza nilikuwa nalia kama mtoto, na mbele yake nimeweka kikopo cha bati chenye ukanda mdogo wa filamu, mrefu kama mkono wa mtu mzima mara kadhaa.

Aliuvuta akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu ndiye anayecheka?"

"Ndiye."

"Anaonekana mtu mwema." Akaurudisha kikoponi. "Nataka kuuona mkanda wenyewe, kwenye mashine, kama ulivyokuwa Jumamosi. Saa nne. Mwite mwenye sinema. Na mkeo pia aje. Ndugu yake akiachiwa, atahitaji mtu wa kumpeleka nyumbani."

Saa nne kamili nilipachika mkanda wa tano. Niliwaona kidirishani: Inspekta safu ya mbele, Tajiri nyuma yake anakunja na kukunjua leso, Mlingoti na pingu zake pamoja na askari mmoja. Mke wangu aliingia mwisho kabisa. Hakwenda kukaa karibu na ndugu yake. Alikaa safu ya nyuma, pembeni, chini kabisa ya kidirisha changu, mahali nisipoweza kumwona vizuri.

Nikawasha.

Wasafiri wakapanda mlima. Mbwa wao wakagoma. Mwanamke akaingia hemani, mumewe akamfuata, akanyoosha mkono. Picha ikaruka, tik, pale penye gundi yangu, na mara upepo ukavuma, na pazia lote likawa jeupe.

Hapakuwa na kicheko.

Nilizima mashine nikashuka ngazi mbili mbili. Tajiri alikuwa amesimama, anatetemeka kwa hasira.

"Fundi! Uliniapia!"

"Nilikuapia, nami nilikosa. Nimetubu kwa Mola wangu, na sasa natubu kwako."

"Ondoka machoni pangu! Leo hii uniachie funguo!"

Nilimpa funguo. Kusema kweli, sijapata kupokonywa kitu nikajisikia mwepesi kama siku ile.

Inspekta alimwashiria askari, pingu zikafunguliwa. Mlingoti alisugua vifundo vya mikono yake, akanijia kwa hatua zake ndefu, akanikumbatia hata miguu yangu ikaachana na sakafu.

"Siku mbili, shemeji! Siku mbili umenilaza juu ya saruji!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini wali wa nyumbani kwako nitakula mpaka sufuria lilie."

Tulicheka. Wallahi, na hiki ni kiapo cha kweli, tulicheka ndani ya ukumbi ule, mimi na yeye, na machozi yanatutoka.

"Kaeni," alisema Inspekta.

Tulikaa. Alitoa bahasha mfukoni, akatoa ndani yake kile kishungi cheupe.

"Nimempelekea mshona magodoro. Kasema vazi alishona moja tu, pamba na katani, unywele hata mmoja hakutia. Nimechoma kidogo. Pamba ikiungua hunuka nguo. Hii ilijikunja, ikanuka nywele." Akakiweka juu ya goti lake, akakilaza kwa kidole kama anayemtuliza paka. "Kwa hiyo kijana huyu si yeye. Tumemaliza habari yake."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Sasa tuanze nyingine. Kuna watu mtaani wanasema lilikuwa zimwi la kweli, limefuata filamu yake. Mimi siwezi kuandika zimwi katika ripoti. Tena, Mzee, zimwi la kweli halingojei hadi pazia liwe jeupe. Aliyetoka alikuwa na ratiba."

Mashine yangu kule juu ilikuwa inapoa, ikitoa vile vidoko vya chuma kinachojikunyata.

"Alijua zimwi la kupangwa litatokea lini. Hilo wangelijua wengi. Mwenye sinema alijua, mshona magodoro alijua, pengine mtaa mzima. Lakini mtu aliyejua hilo tu asingethubutu kutoka. Angekutana na huyu Mlingoti jukwaani, mazimwi mawili, na mchezo ungeishia hapo." Sauti ya Inspekta ilishuka zaidi, nami, Mungu anisamehe, nikainama ili nimsikie. "Aliyetoka alijua jambo moja zaidi. Alijua kwamba Mlingoti hatatoka. Alijua nafasi ya zimwi itakuwa tupu, na kila atakayemwona atamdhania Mlingoti. Na hilo, Mzee, asingeweza kulijua ila aliyejua kwamba kicheko kimekatwa."

Akanikazia macho.

"Mwenye sinema hakujua. Umeona mwenyewe alivyoghadhibika. Mlingoti hakujua. Ulijua wewe, na wewe ulikuwa juu kwenye mashine, watu walikiona kichwa chako kidirishani. Basi nakuuliza, na safari hii usiape, nijibu tu." Akakirudisha kishungi ndani ya bahasha. "Kabla ya onyesho, ulimwambia nani?"

Msomaji wangu, nilimwambia mtu mmoja.

Nilimwambia Jumamosi adhuhuri, Mlingoti alipokwisha kunawa mikono na kuondoka mezani. Nilimwambia kwa kunong'ona, nusu kwa hofu na nusu kwa kicheko, kwamba mdogo wake leo atalala stooni. Naye akaniuliza, bila kuinua macho katika sahani aliyokuwa anaiosha, "Una hakika hatatoka?" Nikamjibu, "Nina hakika."

Nyuma yetu, katika safu ya mwisho, kiti kilijikunja kwa kishindo chake kidogo cha springi, kama kinavyofanya mtu anaponyanyuka. Mlingoti aligeuka kutazama. Mimi sikugeuka.

Nilizisikia nyayo zake zikishuka njia ya katikati, hazina haraka, hadi zikasimama kando yangu. Alimshika ndugu yake mkono, pale pale pingu zilipoacha alama, akaupapasa kwa kidole gumba.

Kisha akanitazama. Mwenyewe alikuwa amerudi usoni mwake, na alikuwa amechoka sana.

"Mjibu, Fundi," aliniambia.